Nguo, Ngoma na Hukumu ya Watu

Nguo ina kazi tatu duniani. Ya kwanza ni kuusitiri mwili. Ya pili ni kuukinga na jua, baridi na miiba. Ya tatu ni kusema. Kazi mbili za kwanza zajulikana na kila mtu. Kazi ya tatu haifikiriwi sana, ingawa yafanyika kila siku mbele ya macho yetu. Sare ya shule husema mwanafunzi atoka wapi. Joho la hakimu hunena kabla hakimu hajafumbua kinywa. Mjane hatamki neno, lakini nguo zake huwaambia wapita njia wapunguze kicheko. Insha hii yahusu nguo za vijana, ambazo aghalabu husema kwa sauti kubwa kuliko nguo nyingine, kwa sababu nyingi katika hizo huzaliwa ngomani.

Ningependa msomaji aangalie jambo moja linalorudi tena na tena katika habari nitakazosimulia. Mara nyingi vijana walipojishonea vazi lao kwa kuufuata muziki wao, walitokea watu waliotaka kuwavua. Neno hili la kuvua silitumii kwa mafumbo. Katika miji kadhaa ya dunia, mbali na karibu, watu wamekamatwa njiani na kuvuliwa nguo kwa sababu nguo hizo hazikuwapendeza wengine. Yafaa tujue jambo hilo lilianzaje, na lililofichika nyuma yake lilikuwa nini.

Tuanze nyumbani. Katika Unguja, kabla ya amri ya mwaka wa 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria, mtumwa alitambulikana kwa nguo yake. Alivaa kitambaa kigumu cha merikani au kaniki, na kichwa chake kilikuwa wazi, kwa maana kofia na kilemba vilikuwa alama za waungwana. Amri ilipotoka, katika mambo ya kwanza waliyoyafanya wale waliokuwa watumwa lilikuwamo hili la kubadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake walijifunga kanga za rangi na maua, na baadaye wakavaa buibui. Hapana aliyewaamuru. Walijichagulia wenyewe, na kwa kufanya hivyo waliifuta alama ambayo macho ya watu yalizoea kuisoma. Watu hawa hawakuwa na mashamba wala vyeo, lakini walijua kuwa aliyevaa kama muungwana ni vigumu kuitwa mtumwa.

Katika miaka hiyo hiyo, yaani mwisho wa karne ya 19, ilizuka katika miji ya Lamu na Mombasa ngoma iliyoitwa beni. Jina lake latokana na bendi, na vijana wake waliiga tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa gwaride waliouona kwa askari na mabaharia wa Kizungu. Hawakuiga muziki tu. Waliiga mavazi pia. Walishona sare, wakapeana vyeo vya jeshi, wakapita mitaani kwa safu huku kila chama kikijitahidi kukishinda chama kingine kwa usafi wa nguo na ukali wa nyimbo. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi. Katika Tanganyika walijulikana Marini na Arinoti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma hii ilikuwa imeenea bara, ikafika mpaka nchi za ziwa, kwa maana wapagazi na askari walikwenda nayo kila walikokwenda.

Watawala wa siku zile waliitazama beni kwa shaka. Waliuliza: kwa nini vijana hawa wanavaa kama maofisa? Je, nyuma ya tarumbeta kuna siasa? Maafisa walifanya uchunguzi na kuandikiana barua. Kwa kweli vyama vya beni vilikuwa vyama vya kushindana, kusaidiana katika shida na kuzikana. Lakini shaka ya watawala haikuwa bure kabisa. Kijana avaaye sare ya aliye juu yake husema, hata bila ya kukusudia, kwamba sare hiyo si ngozi ya mtu. Yaweza kuvaliwa na mwingine. Neno hilo halimpendezi atawalaye.

Sasa tuvuke bahari, twende Marekani. Katika miaka ya 1930, mtaa wa Harlem katika mji wa New York ulikuwa moyo wa muziki wa jazi. Jumba la dansi la Savoy, lililofunguliwa mwaka wa 1926, lilikuwa kubwa na mashuhuri, na tofauti na majumba mengi ya siku zile, lilipokea watu weusi na weupe katika sakafu moja. Huko ndiko ilikochezwa dansi ya kasi, ambayo mcheza hurusha miguu, huzunguka, humwinua mwenziwe na kumpokea tena. Dansi kama hiyo haichezeki katika suruali ya kubana. Mafundi cherehani wakaanza kushona suruali pana sana mapajani na magotini, ili mguu upate nafasi, lakini nyembamba kwenye kifundo, ili mcheza asijikwae. Koti nalo likarefushwa mpaka karibu na magoti, mabega yakajazwa pamba yakawa mapana, na kofia ikapewa ukingo mkubwa. Wengine waliongeza mnyororo mrefu ulioning'inia toka kiunoni. Vazi hilo liliitwa zoot. Mwimbaji na kiongozi wa bendi Cab Calloway alionekana amelivaa katika filamu ya mwaka wa 1943 iitwayo Stormy Weather, na koti lake lilicheza pamoja naye.

Msomaji asidhani kuwa vazi hili lilikuwa la matajiri. Lilikuwa la wafagiaji, wapakiaji mizigo, wang'arisha viatu na watumishi wa hoteli. Malcolm X, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mashuhuri wa watu weusi, asimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka wa 1965, jinsi alivyokuwa kijana katika mji wa Boston na kununua suti ya zoot kwa mkopo. Mchana kijana wa namna hiyo alivaa nguo za kazi na kuitwa kwa majina ya kudharauliwa. Usiku alivaa koti lake refu, akaingia dansini, na hapo hakuwa mtumishi wa mtu. Mtu mwenye haki ya kupanda cheo hana haja ya kujitangaza kwa mabega ya koti. Aliyefungiwa milango yote hujitafutia mlango wa cherehani.

Vazi likasafiri pamoja na sahani za santuri. Lilipofika Los Angeles, katika jimbo la California, lilipendwa sana na vijana wa Kimarekani wenye asili ya Mexico. Wengi wao walizaliwa hapo hapo Marekani, lakini walikuwa wakibaguliwa katika shule, katika kazi na katika mabwawa ya kuogelea. Wavulana walijiita wapachuco, na wasichana waliokuwa nao walivaa makoti marefu na sketi zilizofika magotini, wakatunga nywele zao juu. Wazazi wao walinung'unika kwamba watoto wamepotea. Wenyeji weupe walinung'unika kwamba wageni wamejitokeza mno. Kwa hivyo vijana hawa walikuwa kati ya nyundo na fuawe: nyumbani waliambiwa si Wamexico wa kweli, na mitaani waliambiwa si Wamarekani wa kweli. Suti ya zoot ilikuwa jibu lao kwa pande zote mbili.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Machi 1942 bodi ya serikali ya Marekani iliyosimamia uzalishaji wa vita ilitoa amri ya kupunguza kitambaa cha sufu katika suti za wanaume, kwa maana sufu ilihitajika kwa sare za askari. Suti ya zoot, iliyokula kitambaa kingi, haikuweza tena kushonwa kwa halali. Mafundi wengine waliendelea kuishona kwa siri. Tangu hapo aliyeivaa hakuonekana kuwa mtu wa anasa tu. Alionekana kuwa adui wa taifa. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo kijana mmoja alikutwa karibu na bwawa lililoitwa Sleepy Lagoon akiwa na majeraha, akafa. Polisi waliwakamata vijana wa Kimexico kwa mamia. Mwezi wa Januari 1943 vijana 17 walitiwa hatiani katika kesi moja, na katika kesi hiyo nguo na nywele zao zilitajwa kana kwamba ni ushahidi. Mwezi wa Oktoba 1944 mahakama ya rufani iliitangua hukumu hiyo, lakini wakati huo baadhi yao walikuwa wamekwisha kukaa gerezani muda mrefu.

Tarehe 3 Juni 1943 fujo zilianza. Mabaharia waliokuwa wakingoja kupelekwa vitani, baada ya ugomvi na vijana wa mitaani, walitoka kambini kwa makundi kuwatafuta wenye suti za zoot. Usiku uliofuata walikodi teksi wakazunguka mji. Walisimamisha magari ya abiria, wakaingia katika sinema na kuamuru taa ziwashwe, wakawatoa vijana vitini mwao. Waliwapiga, wakawavua suti zao mbele ya watu, wakazichana na kuzichoma moto. Wengine walikatwa nywele kwa nguvu. Wakashambuliwa pia vijana weusi na Wafilipino, hata wasiovaa zoot, jambo lionyeshalo kwamba koti lilikuwa kisingizio. Polisi mara nyingi walifika baada ya kipigo kwisha, wakawakamata waliopigwa. Magazeti ya mji yaliwasifu mabaharia kwa kuusafisha mji. Tarehe 8 Juni wakuu wa jeshi walikataza askari na mabaharia wasiingie mjini, na ndipo moto ulipoanza kupoa. Baraza la mji, kwa upande wake, lilipitisha azimio la kutaka suti ya zoot ipigwe marufuku.

Hebu tulifikiri azimio hilo. Watu walipigwa na kuvuliwa hadharani. Na waheshimiwa walipoketi kutafuta dawa, waliona kuwa mkosaji ni suti. Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alisema wazi kuwa jambo hilo lilikuwa na mizizi mirefu kuliko mavazi, akataja ubaguzi. Gazeti moja kubwa la mji lilimkaripia kwa maneno hayo. Lakini kamati iliyowekwa na gavana wa California kuchunguza fujo hizo iliona vivyo hivyo, kwamba chuki ya rangi ilikuwa sababu kubwa.

Wakati huo huo, katika mji wa Paris uliokuwa umetekwa na Wajerumani, walikuwako vijana wengine wa Kifaransa walioitwa wazazou. Nao walipenda jazi ya Marekani, muziki ambao wafuasi wa Hitler waliudharau kwa kuwa ulitoka kwa watu weusi. Wavulana walivaa makoti marefu na kufuga nywele nyingi, ilhali kitambaa kilikuwa kikitolewa kwa kipimo; wasichana walivaa sketi fupi na viatu vya soli nene, wakabeba miavuli ambayo hawakuifungua hata mvua ikinyesha. Wafuasi vijana wa chama kilichowaunga mkono Wajerumani waliwavizia kwa mashine za kunyolea na kuwanyoa vichwa kwa nguvu. Mwezi wa Juni 1942 Wayahudi wa sehemu hiyo ya Ufaransa waliamriwa wavae nyota ya njano nguoni, ili wajulikane na kutengwa. Baadhi ya wazazou, ambao hawakuwa Wayahudi, walijibandikia nyota ya njano ya kwao, wakaandika juu yake jina la muziki waupendao. Walikamatwa kwa tendo hilo. Vijana ambao watu wazima waliwaita wapuuzi waliona aibu ya nyota ile mapema kuliko wengi waliojiita wenye busara.

Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua mifano impendezayo tu. Katika Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wa mtaa wa Savile Row huko London walijaribu kurudisha mtindo wa siku za Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala toka mwaka wa 1901 hata 1910. Waliwakusudia vijana wa kitajiri. Mara mtindo huo ukachukuliwa na vijana wa mitaa ya kimaskini ya kusini mwa London: koti refu lenye kola ya mahameli, suruali nyembamba, viatu vya soli nene ya mpira. Wakaitwa Teddy Boys, maana Teddy ni ufupisho wa Edward. Ni jambo la kustaajabisha: mtoto wa mpakuzi wa bandarini alivaa nguo za mabwana wa zamani za babu zao, na mabwana wenyewe walipomwona waliziacha mara moja. Hivyo vazi la zamani lilizaliwa upya, lakini kwa mama mwingine. Baadaye muziki wa rock and roll ulipoingia toka Marekani, vazi na muziki vikafunga ndoa. Na filamu iitwayo Rock Around the Clock ilipoonyeshwa mwaka wa 1956, vijana walicheza katikati ya viti vya sinema, na baadhi ya miji ikaikataza.

Hata hapo twaweza kucheka pamoja nao. Lakini mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba 1958, katika mtaa wa Notting Hill, makundi ya vijana weupe, wakiwamo Teddy Boys, walizishambulia nyumba za watu weusi waliotoka visiwa vya Karibi. Walicheza kwa muziki ambao mizizi yake ni ya watu weusi, kisha wakawapiga watu weusi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vazi laweza kuwa sauti ya aliyeonewa, na laweza kuwa sare ya mwonevu. Aliyevaa koti la mahameli na kukaa nyumbani kwake usiku ule hakuwa na hatia; aliyelivaa na kushika chupa alikuwa nayo. Hatia ilikuwa mkononi, wala haikuwa katika kola.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1964, magazeti ya Uingereza yalijaa habari za makundi mawili: Mods, waliopanda skuta na kuvaa suti nadhifu za Kiitaliano, na Rockers, waliopanda pikipiki na kuvaa makoti ya ngozi. Kila kundi lilikuwa na muziki wake. Walipambana katika miji ya pwani, kama Clacton wakati wa Pasaka na Brighton mwezi wa Mei. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Stanley Cohen, alizichunguza habari hizo na kutoa kitabu mwaka wa 1972. Alionyesha kuwa magazeti yaliyatia chumvi matukio hayo, na kwamba hofu ya watu wazima ilikua kuliko jambo lenyewe. Jamii, alieleza, ikipatwa na wasiwasi hutafuta mtu wa kumtwika wasiwasi huo, na kijana aliyevaa tofauti ni rahisi kumwona.

Turudi sasa Afrika, tuone kama sisi tulikuwa na busara zaidi. Miaka ya 1960 ilileta uhuru, na pamoja na uhuru zikaja redio nyingi, santuri, majarida na filamu. Muziki wa soul wa watu weusi wa Marekani ulipigwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Wasichana wakavaa sketi fupi. Wavulana wakavaa suruali za kubana, na baadaye suruali pana chini, ambazo katika Kiswahili ziliitwa bugaluu. Jina hilo ni lile lile la boogaloo, muziki na dansi iliyovuma New York katika miaka ya 1960. Kwa hiyo lugha yetu yenyewe yashuhudia kuwa suruali ile ilitoka ngomani.

Mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU katika Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana. Sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana zilitajwa kuwa kinyume cha utamaduni wa taifa, na vita dhidi yake ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Lakini wengine hawakungoja tarehe. Mwezi huo huo wa Oktoba, karibu na soko la Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yaliwatoa wanawake katika mabasi, yakawapiga na kuwachania nguo, mpaka polisi walipoingilia. Mwezi wa Novemba 1969 muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam.

Tusiwe wepesi wa kuwacheka waliotoa amri hizo. Nchi changa ilikuwa ikijitafutia sura yake baada ya miaka mingi ya kutawaliwa, na hofu ya kumezwa na mambo ya kigeni haikuwa hofu ya mpumbavu. Dawa za kujichubua zilikuwa na madhara ya kweli, na wazo la kwamba ngozi nyeusi yahitaji kufutwa lilistahili kupingwa. Lakini hoja ilikuwa na ufa. Katika miaka hiyo hiyo serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na kuvaa suruali na mashati. Mmoja aliambiwa nguo yake ni ya kigeni mno. Mwingine aliambiwa nguo yake ni ya kienyeji mno. Na suruali iliyosifiwa kuwa ya heshima, ilitoka wapi kama si ng'ambo? Wasichana wa Dar es Salaam waliandika katika magazeti na kuuliza maswali ya namna hii, na hayakuwa maswali mepesi kujibiwa.

Tanzania haikuwa peke yake. Uganda chini ya Idi Amin ilikataza sketi fupi mwaka wa 1972. Malawi chini ya Kamuzu Banda ilitunga sheria mwaka wa 1973 iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zisizofika magotini, na sheria hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1990. Katika Zaire, Mobutu aliikataa suti ya Kizungu na tai, akaleta koti liitwalo abacost, ambalo jina lake maana yake ni kuiangusha suti. Hapo vijana wa Kinshasa walifanya kama walivyofanya wenzao wa Harlem. Mwimbaji Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka wa 1977, alipanda jukwaani amevaa suti za thamani za Ulaya na Japani, na vijana wakamfuata. Wapenzi wa unadhifu huo, waitwao masapeur, walikuwa na mizizi ya tangu zamani katika Brazzaville na Kinshasa, lakini muziki wa Papa Wemba uliwafanya wajulikane duniani. Yeye alifariki tarehe 24 Aprili 2016 huko Abidjan, baada ya kuanguka jukwaani akiimba. Katika nchi ambayo mtawala alimwamulia kila mtu koti la kuvaa, tai iligeuka kuwa upinzani. Na papo hapo hapana budi kukiri kwamba kijana asiye na chakula akinunua viatu vya bei ya kodi ya mwaka, hajajikomboa. Amebadili bwana tu.

Msomaji wa Kenya asidhani nimekwepa nyumba yake. Mwezi wa Novemba 2014, katika mji wa Nairobi, mwanamke alizingirwa kituoni na kundi la wanaume, akavuliwa nguo kwa madai kuwa amevaa vibaya. Picha za tendo hilo zilienea. Tarehe 17 Novemba wanawake, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana katikati ya mji wakidai kuwa vazi la mtu ni hiari yake. Wengine walitokea kando ya njia kuwatukana. Mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo Bunge lilibadili Kanuni ya Adhabu, na tangu hapo anayemvua mtu nguo kwa kumdhalilisha aweza kuhukumiwa kifungo kisichopungua miaka 20.

Tukizipanga habari hizi pamoja, twaona mambo matatu. Kwanza, vazi la vijana halizuki bure. Suruali ya zoot ilikuwa pana kwa sababu dansi ilihitaji nafasi, na koti lake lilikuwa refu kwa sababu heshima ya mvaaji ilikuwa fupi mno mchana. Pili, wanaolihukumu vazi aghalabu hulihukumu jambo jingine. Los Angeles walihukumu rangi. Paris walihukumu mapenzi ya muziki wa watu weusi. Kariakoo na Nairobi walihukumu mwanamke anayetembea mjini kwa nafsi yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, mahali pote mkono uliovua ulidai kutetea heshima. Mabaharia walidai heshima ya taifa, vijana wa Paris walidai heshima ya Ufaransa, makundi ya Kariakoo yalidai heshima ya Mwafrika. Lakini heshima gani hiyo ihifadhiwayo kwa kumweka mtu uchi?

Siku hizi ukienda Gikomba, katika marobota ya mitumba, utawaona vijana wakichagua suruali pana chini na makoti ya mabega makubwa, na kuyalipia zaidi kwa sababu ni ya zamani. Labda babu apitaye hapo atacheka, kwa maana suruali ile ile ilimpatia karipio la baba yake. Ukikutana na babu wa namna hiyo, usiishie kumsalimu tu. Muulize alivaa nini alipokuwa na umri wako, alicheza muziki gani, na nani alimkataza. Kisha msikilize mpaka mwisho. Utajifunza historia ambayo haijaandikwa vitabuni, na yeye, akiisha kukusimulia, huenda akaitazama suruali yako kwa jicho jingine.

Na wewe utakapokuwa mtu mzima, vijana wa siku hizo watavaa kitu ambacho hutakipenda. Jambo hilo halina shaka. Una haki ya kutokipenda, na una haki ya kusema hivyo kwa maneno ya adabu. Lakini ukiona watu wamemzingira mmoja njiani na kumshika nguo, usisimame kutazama. Jitandue shuka au koti lako, umsitiri.